Kila "-ngali-" na "-li-" yake: uchambuzi wa kisa cha darasa la historia mbadala

Kisa na wahusika

Kisa hiki ni cha darasa la jioni la watu wazima katika mji mmoja wa Uingereza. Majina ya watu, ya mji na ya ukumbi nimeyaficha, na kazi za baadhi ya wahusika nimezibadilisha ili wasitambulike. Nakiandika kwa ajili ya walimu na wawezeshaji wanaofikiria kufundisha historia kwa njia ya "laiti", maana njia hiyo ina nguvu, na ina shimo lake ambalo sisi tulilitumbukia mara mbili.

Tulikuwa watu tisa, wote tukizungumza Kiswahili: wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja, wawili wa Bukavu. Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wanaoishi hapa kihalali wana haki ya kupiga kura kama raia wa Jumuiya ya Madola, hata kabla hawajapata uraia, na darasa lilizaliwa humo. Dada mmoja muuguzi, nitamwita Dada R, alitoka kituo cha kupigia kura na swali: karatasini kuna vyama vingi, mbona waziri mkuu hutoka kwenye viwili tu? Hiki cha tatu kilikwamia wapi?

Mimi ni mwalimu wa historia, basi wakanipa uongozi wa darasa. Badala ya mihadhara nilipendekeza zoezi: tutafute njiapanda moja katika siasa za Uingereza za karne ya 20, tugeuze tukio moja tu, kisha tuandike historia ambayo ingefuata. Vikao sita, kikao kimoja kila wiki.

Usuli wa kihistoria

Mwaka 1906 chama cha Liberal, babu wa hicho cha tatu alichokiuliza Dada R, kilishinda viti karibu 400 katika Bunge la Makabwela (House of Commons). Conservative waliambulia viti 157 hivi. Pembeni kulikuwa na kundi dogo la wabunge 29 wa kamati iliyoundwa mwaka 1900 na vyama vya wafanyakazi pamoja na vikundi vya kisoshalisti, ambalo baada ya uchaguzi huo lilianza kujiita Labour. Wengi wa hao 29 waliingia kwa sababu ya makubaliano ya siri ya 1903 kati ya Herbert Gladstone, mnadhimu wa Liberal, na Ramsay MacDonald, katibu wa kamati hiyo: katika majimbo kadhaa vyama hivyo viwili havikusimamishiana wagombea. Yaani Liberal ndiyo iliyomshika mkono mtoto aliyekuja kumrithi mwenye nyumba.

Miaka 18 baadaye, katika uchaguzi wa Oktoba 1924, Liberal ilipata viti 40. Haijawahi tena kuunda serikali peke yake.

Kati ya hizo tarehe mbili kuna mambo manne ambayo darasa lilihitaji kuyajua. La kwanza ni Vita vya Kwanza vya Dunia, na ugomvi wa Desemba 1916 ambapo David Lloyd George alichukua uwaziri mkuu kutoka kwa H. H. Asquith na kukipasua chama. La pili ni sheria ya uchaguzi ya 1918, iliyoongeza wapigakura kutoka milioni 7.7 hivi hadi zaidi ya milioni 21, wakiwemo wanawake wa miaka 30 na kuendelea waliotimiza masharti. La tatu ni katiba mpya ya Labour ya mwaka huohuo, iliyokipa chama matawi majimboni na wanachama wa mmoja mmoja. La nne ni uchaguzi wa Desemba 1923, na hapo ndipo kisa chetu kilipokwama kwa wiki mbili.

Yaliyotokea, kikao kwa kikao

Kikao cha kwanza kilikuwa cha usuli huo, sina la kuongeza.

Cha pili kilianza kwa furaha. Kila mtu alikuwa na njiapanda yake, lakini walio wengi waliichagua Desemba 1916: Asquith na Lloyd George wangalipatana, chama kisingalipasuka, na Liberal ingalibaki juu. Nikawaachia kalamu. Baada ya saa moja walikuwa na kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa pili tayari tulikuwa mwaka 1950, Liberal imo madarakani, imejenga hospitali za umma, imeshinda vita ya pili. Niliposoma kwa sauti, kila sentensi ilibeba "-ngali-". Angalifanya, wangalikubali, ingalishinda. Katika kurasa mbili hapakuwa na kitenzi hata kimoja chenye "-li-" tupu, cha jambo lililotokea kweli.

Aliyevunja ukimya ni Mzee K, ambaye ujanani alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi huko pwani. "Mwalimu, mnazungumza habari za mabwana wawili waliogombana. Mimi nauliza habari za wachimba makaa. Chama chao kilikuwa wapi?"

Swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Shirikisho la wachimba makaa lilijiunga na Labour mwaka 1909, miaka saba kabla ya ugomvi wa mabwana wale. Sheria ya 1913 iliviruhusu vyama vya wafanyakazi kuwa na mfuko wa siasa, mradi wanachama wapige kura kuukubali na asiyetaka asichangie. Hata kama Asquith na Lloyd George wangalikumbatiana hadi kufa, fedha na miguu ya kampeni ya wachimba makaa vilikwisha kuhama.

Usiku ule niliweka kanuni ya kwanza, na ndiyo iliyolipa darasa jina: kila "-ngali-" iwe na "-li-" yake. Ukiandika kwamba mtu angalifanya jambo fulani, sentensi inayofuata sharti itaje jambo alilolifanya au kulisema kweli, linaloonyesha kwamba alikuwa na nia nalo au uwezo nalo. Huna "-li-", basi "-ngali-" yako inafutwa.

Kikao cha tatu tulihamia Desemba 1923. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali patamu kuliko pote.

Stanley Baldwin, waziri mkuu wa Conservative, aliitisha uchaguzi ili apate ridhaa ya kutoza ushuru bidhaa za nje. Ushuru ulikuwa jambo pekee lililoweza kuwarudisha Waliberali chini ya mwavuli mmoja, maana biashara huria ilikuwa dini yao. Asquith na Lloyd George walipanda jukwaa moja. Matokeo: Conservative 258, Labour 191, Liberal 158. Kwa kura, Labour ilikuwa na asilimia 30.7 na Liberal 29.7.

Bi S, mama wa Unguja anayeuza vyakula, alikuwa amekuja na vifuko vya nafaka kwa kuwa nilimwomba. Tukamwaga mezani: kunde ni Conservative, maharage mekundu ni Labour, choroko ni Liberal, kila punje viti kumi. Kunde 26, maharage 19, choroko 16. Akazisogeza kwa kidole. Kunde peke yake haifiki nusu. Maharage peke yake ndiyo kabisa. Choroko ikienda upande wowote, upande huo unatawala. Alirudia mara tatu kuzisogeza, huku na huku, halafu akasema, "Kumbe mwenye kidogo ndiye mwenye ufunguo. Sasa aliuuza kwa bei gani?"

Hakuuza. Alitoa bure. Tarehe 18 Desemba 1923 Asquith aliwaeleza wabunge wake kwamba hatamwokoa Baldwin, na kwamba kama serikali ya Labour ni lazima ijaribiwe siku moja, basi haiwezi kupata mazingira salama zaidi ya hayo, ikiwa na wabunge wachache na Liberal ikiishikilia kamba. Hesabu yake ilikuwa kwamba Labour itashindwa upesi, na Mfalme, badala ya kuvunja Bunge, atamwita yeye. Tarehe 21 Januari 1924 Baldwin aliangushwa kwa kura 328 dhidi ya 256. Kesho yake MacDonald akawa waziri mkuu wa kwanza wa Labour, na Mfalme George V akaandika katika shajara yake kwamba siku ile ilikuwa imetimia miaka 23 tangu kufariki kwa bibi yake, Malkia Victoria, na akajiuliza bibi angaliwaza nini kuhusu serikali ya Labour.

Liberal haikudai kiti cha uwaziri, haikudai makubaliano ya majimbo kama yale ya 1903, na haikudai mabadiliko ya sheria ya uchaguzi. Darasa likarukia hapo. Njiapanda mpya: Januari 1924 Asquith anadai bei. Bei yenyewe ni upigaji kura wa namba: mpigakura anawapanga wagombea 1, 2, 3, kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili.

Kikao cha nne ndicho kilichotugawa. Mzee K alisema MacDonald asingalilipa bei hiyo hata kwa bunduki, na alikuwa na "-li-" za kutosha. Tarehe 2 Mei 1924 muswada wa uwakilishi wa uwiano, yaani viti vigawanywe kwa kadiri ya kura, uliletwa bungeni na mbunge wa Liberal, ukaangushwa kwa kura 238 dhidi ya 144, na wengi wa Labour waliupinga. Majimboni, Labour iliendelea kusimamisha wagombea dhidi ya wabunge wale wale waliokuwa wakiiweka madarakani. Lloyd George mwenyewe alilalamika masika ile kwamba Waliberali wamefanywa maksai wa kuuvuta mkokoteni wa Labour kwenye njia mbovu, na mwisho wa safari watachinjwa.

Kijana mmoja wa Bukavu, Kaka J, akajibu kwa "-li-" yake: mwaka 1931 Labour hiyohiyo, MacDonald huyohuyo, walipitisha katika Bunge la Makabwela muswada wa kupiga kura kwa namba, kwa sababu walizihitaji kura za Liberal. Bunge la Mamwinyi (House of Lords) liliukwamisha, na serikali ikaanguka Agosti kabla haujawa sheria. Kwa hiyo bei hiyo haikuwa ndoto. Ililipwa, au ilikaribia kulipwa.

Hapo sikuwa na jibu. Niliwaomba wanywe chai.

Tulirudi mezani na kunde zetu, safari hii punje mia moja kuwakilisha jimbo moja. Kunde 38, maharage 32, choroko 30. Kwa sheria iliyokuwapo, mwenye nyingi ndiye mshindi: Conservative. Kwa namba, choroko inatolewa. Tukakisia 20 za choroko ziende Labour na 10 Conservative. Labour inashinda kwa 52. Dada R alishangaa, "Lakini tulitaka kuiokoa choroko!" Tukapanga jimbo la pili: kunde 38, choroko 32, maharage 30. Maharage yanatolewa, mengi yanakwenda kwenye choroko, Liberal inashinda. Darasa zima lilinyamaza kwa muda. Dawa waliyoiandika kwa ajili ya mgonjwa mmoja ilikuwa inawatibu wawili, na katika miji ya viwanda, ambako Liberal ilikuwa tayari ya tatu, ilimtibu mpinzani wake.

Kikao cha tano Kaka J alikuja na njiapanda ya mwisho. Kama Labour ya 1924 haiwezi kulazimishwa, turudi nyuma mahali ambapo Waliberali wenyewe walikuwa na mamlaka. Januari 1917, mkutano wa vyama vyote uliosimamiwa na Spika wa Bunge ulipendekeza uwakilishi wa uwiano kwa miji mikubwa na upigaji kura wa namba kwa majimbo mengine. Makabwela waliukataa uwiano na kuukubali mfumo wa namba kwa tofauti ndogo. Mamwinyi wakafanya kinyume chake. Muswada ukawa unapanda na kushuka kati ya mabunge mawili hadi Februari 1918, ukapita bila mfumo wowote kati ya hiyo miwili, isipokuwa viti vichache vya vyuo vikuu. Waziri mkuu alikuwa Lloyd George, mliberali. Akili yake ilikuwa vitani, jambo akaliacha kwa wabunge waamue wapendavyo. Miaka baadaye, chama kilipokwisha kunyauka, alikiri kwamba wakati ule angaliweza kulipitisha.

Hapa "-ngali-" na "-li-" vilikutana kinywani mwa mhusika mwenyewe. Darasa lilipiga makofi.

Maamuzi niliyoyafanya, na kwa nini

Kikao cha pili niliona wanapotea, na nikaamua kutowazuia. Ningeweza kuwaambia tangu mwanzo kwamba ugomvi wa 1916 hautoshi kueleza kuanguka kwa chama, lakini wangenukuu maneno yangu na kuyasahau. Nilitaka waone kurasa zao mbili zikisimama hewani. Uamuzi huo ninausimamia hadi leo, ingawa ulituchukulia jioni nzima.

Niliweka pia ukomo wa miaka kumi na mbili: hadithi isivuke 1929. Kila mwaka unaouongeza baada ya njiapanda unazaa njiapanda nyingine, na ukifika wa thelathini huandiki historia tena, unaandika matakwa yako.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa nafaka. Nilikuwa na jedwali zuri la takwimu, nikaliacha mkobani. Asilimia 29.7 ni namba tu kwa mtu aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili; lakini rundo la choroko linaloamua ugomvi wa marundo mawili makubwa ni jambo ambalo mkono unalikumbuka.

Uamuzi wa nne ulikuwa mbaya, nao nitaueleza kwenye uchambuzi.

Matokeo

Kikao cha sita walisoma andiko lao. Kurasa saba, kuanzia Februari 1918 hadi uchaguzi wa 1929. Katika andiko hilo Lloyd George anatumia jioni mbili kuwabana wabunge wake, mfumo wa namba unapita, na Mamwinyi wanaukubali kwa kupewa uwiano katika miji kumi mikubwa kama majaribio. Desemba 1918 hakuna kinachobadilika sana: muungano wa Lloyd George unashinda kwa kishindo kama ulivyoshinda kweli, na Asquith anapoteza kiti chake cha East Fife kama alivyokipoteza kweli. Darasa lilikubali jambo hilo baada ya ubishi, na mimi niliona ndiyo alama ya kukomaa kwao, maana mwanzoni walitaka dawa ifanye kazi siku hiyohiyo.

Tofauti inaanza 1922 na kuonekana vizuri 1923. Liberal inakuwa chaguo la pili la watu wa pande zote mbili, inatoka na viti vingi zaidi. Labour nayo inaongeza viti vyake mijini. Conservative ndiyo inayopungukiwa. Serikali ya 1924 ni ya Labour na Liberal pamoja, yenye ugomvi, inayodumu kuliko ile halisi ya miezi tisa. Na mwaka 1929 kuna vyama vitatu vikubwa, hakuna kilichokufa.

Baadhi yao walikuwa hapa Mei 2011, nchi ilipoulizwa kwa kura ya maoni kama inautaka mfumo huohuo wa namba, na asilimia karibu 68 ya waliopiga kura wakasema hapana. Dada R alipiga kura siku ile bila kujua kwamba jambo hilo lilikuwa na umri wa karibu karne nzima. Alisema hilo ndilo lililomlipa ada ya darasa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kanuni ya "-ngali-" na "-li-" ilifanya kazi kupita nilivyotarajia, na nadhani sababu imo katika lugha. Mzungumzaji wa Kiswahili huliona tumaini na kulisikia: kiambishi kimekaa katikati ya kitenzi, huwezi kukificha. Ukisoma kwa sauti ukurasa uliojaa "-ngali-", sikio lako lenyewe linalalamika. Kuanzia kikao cha tatu hawakunihitaji kusahihisha, walikuwa wakikatizana: "Iko wapi -li- yake?"

Kanuni hiyo ilitupa pia sababu za Asquith, badala ya kumwona mjinga. Kikao cha tatu darasa lilimtukana. Kisha nikawauliza alikuwa na njia gani nyingine. Kumuunga mkono Baldwin? Asingaliweza: wapigakura walikuwa wametoka kukataa ushuru, na chama chake kiliungana kwa sababu ya kuupinga ushuru. Kuunda serikali yake kwa kura za Conservative? Labour ingalikwenda kwa wapigakura na kusema matajiri wa vyama viwili wamekula njama kumfungia mfanyakazi mlango, na hicho ndicho kitu ambacho MacDonald angalikipenda kuliko vyote. Kumnyima Labour ofisi kungalimjenga. Kumpa ofisi kulimjenga. Mtu aliyesimama pale Desemba 1923 alikuwa na milango mitatu na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na hasara. Kosa lake lilikuwa kutodai chochote mlangoni.

Tulipofika hapo, watu walianza kuuliza habari za mahali chama kinapoishi, yaani majimboni, na hapo Mzee K akawa mwalimu. Baada ya Labour kuanguka Oktoba 1924, kwa kura 364 dhidi ya 198 kuhusu kesi ya mhariri mkomunisti J. R. Campbell, Mfalme alikubali kuvunja Bunge, baada ya kuona kwamba Baldwin na Asquith wote hawakuwa tayari kuunda serikali. Hesabu ya Asquith ikaporomoka. Liberal, iliyokuwa na wagombea 457 mwaka uliotangulia, safari hii iliweza kusimamisha 340 hivi tu. Kila mgombea alitakiwa kuweka dhamana ya pauni 150, ambayo hupotea asipofikisha moja ya nane ya kura. Lloyd George alikuwa na mfuko wake mkubwa wa siasa, na aliufungua kidogo tu. Majimbo zaidi ya 100 ambako mtu aliyeipenda Liberal hakuwa na jina la kulitia alama. Aende wapi? Wengi walikwenda Conservative. "Chama hakifi bungeni," Mzee K alisema, "kinakufa pale katibu wa tawi anapokosa nauli."

Vigogo nao walitawanyika pande zote mbili. Haldane, waziri wa zamani wa Liberal, alikuwa kwenye baraza la MacDonald. Winston Churchill alishindwa kama mliberali huko Leicester Desemba 1923, akashindwa tena Machi 1924 kwa kura 43 tu akijisimamia mwenyewe dhidi ya usoshalisti, na Novemba mwaka huohuo alikuwa waziri wa fedha wa Conservative. Niliwaonyesha njia hiyo ya miezi kumi na moja kwenye ubao. Ndiyo namna vyama vinavyojipanga upya: mtu mmoja mmoja anahesabu atakakoshinda.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Sasa ule uamuzi mbaya. Niliwapa swali "Liberal ingaliwezaje kusalimika?" na swali hilo lilikuwa na upendeleo ndani yake. Kwa wiki sita tulikaa upande wa chama kilichoanguka, tukimlilia. Hatukuuliza nani angalipoteza kama kisingalianguka.

Kijana wa Mombasa aliligusa mapema. Aliuliza kikao cha tatu haya yote yalibadili nini Kenya, nikamjibu kwa dakika mbili. Jibu langu halikuwa la uongo: kauli kwamba maslahi ya Mwafrika yatangulie ilitolewa Julai 1923 chini ya Conservative, ikarudiwa 1930 na Sidney Webb, wakati huo Lord Passfield, waziri wa makoloni wa Labour, na mara zote mbili walowezi waliendelea kushika ardhi. Chama kilibadilika London, shamba likabaki lilelile. Lakini hilo lilistahili kikao kizima, na yule kijana hakuuliza tena hadi mwisho. Najilaumu.

Aliyenifungua macho kabisa ni Bi S, kikao cha sita, baada ya makofi. Anaishi katika nyumba ya halmashauri, ya matofali mekundu, iliyojengwa katika miaka ile. Aliuliza serikali ya miezi tisa ya MacDonald ilifanya nini. Nikamwambia habari za sheria ya nyumba ya John Wheatley ya 1924: ruzuku ya pauni 9 kwa kila nyumba kwa mwaka, kwa miaka 40, halmashauri zijenge nyumba za kupangisha wafanyakazi. Nyumba karibu nusu milioni zilijengwa kwa sheria hiyo kabla ruzuku haijakatwa mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Akachukua kurasa zetu saba, akazipekua polepole. Akasema: "Humu ndani Wheatley hayumo."

Hakuwemo. Serikali yetu ya pamoja, ile yenye ugomvi na uhai mrefu, ilikuwa na waziri wa nyumba ambaye hatukumpa hata jina. Labda angalipitisha sheria ileile, maana Waliberali wengi waliiunga mkono kweli mwaka 1924. Labda wenzake wangalimpunguzia zile pauni 9. Hatukuwa na "-li-" ya kutosha kusema, kwa sababu hatukuwa tumetafuta hata moja. Tulikuwa tumehesabu viti tu.

Kaka J alipendekeza tuongeze aya moja. Bi S akakataa. Alitaka ukurasa wake mwenyewe, unaoanzia mlangoni pa nyumba, siku mpangaji wa kwanza alipopewa ufunguo, na kurudi nyuma hadi bungeni. Msimu ujao darasa litaanzia kwenye ukurasa huo.